Kusoma Mienendo ya Viumbe na Hatari katika Chip's Challenge

Chip's Challenge ni mchezo wa mafumbo uliobuniwa na Chuck Somerville na kutolewa mwaka 1989 kwa ajili ya Atari Lynx, kisha ukawafikia watu wengi zaidi mwaka 1992 ulipoingizwa katika mkusanyiko wa nne wa Microsoft Entertainment Pack kwa kompyuta za Windows, ukiwa na ngazi 149. Kila ngazi ni ramani ya vigae 32 kwa 32, na kazi ya mchezaji ni kumwongoza mhusika aitwaye Chip akusanye chipu zinazotakiwa, afungue soketi inayoziba njia, kisha afike kwenye kigae cha kutokea, mara nyingi kabla muda uliowekwa haujakwisha. Kinachomzuia ni maji, moto, barafu, mabomu, mitego, na aina tisa za viumbe, ambavyo vyote humuua kwa kumgusa mara moja tu.

Mchezaji mgeni huviona viumbe hivyo kama vurugu inayomjia kutoka kila upande, akajaribu kuvikwepa kwa wepesi wa vidole. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi kabla hawajafika mbali, kwa sababu wepesi wa vidole unasaidia mahali pachache sana katika mchezo huu. Viumbe saba kati ya hivyo tisa hufuata kanuni isiyobadilika kamwe: ukijua kiko wapi, kinaelekea wapi, kuta zimekaaje na, kwa kile kinachokufuata, wewe utapita wapi, unaweza kusema kitakuwa kwenye kigae gani hatua ishirini baadaye. Mwongozo huu unaeleza kanuni hizo moja baada ya nyingine, pamoja na namna ya kuzigeuza zikufae.

Kasi na upeo wa macho

Hakuna kiumbe kinachokwenda mshazari. Kila kitu, Chip akiwemo, husogea kigae kimoja kwenda juu, chini, kushoto au kulia, na kwa hiyo kiumbe kilicho pembeni yako kwa mshazari hakiwezi kukugusa kwa hatua yake inayofuata iwapo wewe hutasogea. Jambo hili dogo ndilo msingi wa ukwepaji wote. Unapovuka njia ya kiumbe, kigae salama kabisa cha kusubiria ni kile kilicho mshazari na njia hiyo, wala si kile kilichokabiliana nayo uso kwa uso.

Chip hutembea vigae vitano kwa sekunde, na viumbe vingi vina kasi hiyohiyo. Viwili tu, Meno na bonge, huenda kwa nusu ya kasi hiyo. Skrini nayo huonyesha eneo la vigae 9 kwa 9, Chip akiwa katikati isipokuwa anapokaribia kingo za ramani, na kwa hiyo unaona vigae vinne tu kila upande. Ukiunganisha takwimu hizi utaelewa kwa nini kukimbia ovyo kunaua: kiumbe kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako huku nawe ukikimbia kukielekea kitakufikia chini ya nusu ya sekunde tangu kilipoonekana. Ukiwa umesimama, kitakufikia katika muda wa mara mbili ya huo, nao unatosha kusogea pembeni. Ndiyo maana ninasisitiza kusimama kila unapofika kwenye kona, kwenye mlango, au mahali popote ambapo ukumbi mpya unaanza kuonekana.

Mchezo hauhesabu uhai. Ukifa, unaanza ngazi upya, na viumbe huanza palepale vilipoanza mwanzo. Kwa sababu hiyo, majaribio ya mwanzo katika ngazi ngumu yanafaa kutumika kwa upelelezi: ingia kila chumba, tazama kuna nini, na ukubali kufa. Maarifa uliyoyapata hayapotei, kwa kuwa kiumbe chenye kanuni thabiti kitarudia njia ileile katika jaribio linalofuata.

Wafuata kuta

Mdudu na paramesia ni ndugu. Kila anapotaka kusogea, mdudu hujaribu kwanza kugeuka kushoto. Pakiwa na kizuizi hujaribu kwenda mbele, kisha kulia, na mwisho kabisa hurudi nyuma. Matokeo yake ni kwamba hutembea huku ukuta ukiwa daima upande wake wa kushoto. Paramesia hufanya kinyume, akianza na kulia, kisha mbele, kushoto, na nyuma, hivyo ukuta hubaki kuliani kwake.

Katika chumba chenye kuta nne na kisicho na kitu katikati, mdudu anayeambaa ukutani atazunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na paramesia atazunguka kinyume chake. Ukiweka kisiwa cha kuta katikati ya chumba, mambo yanageuka: mdudu anayezunguka kisiwa kwa nje huenda kinyume cha mishale ya saa, kwa kuwa sasa ukuta anaoufuata uko upande wa ndani. Na mdudu asiye na ukuta wowote karibu yake hugeuka kushoto kila hatua, akawa anazunguka katika mraba wa vigae viwili kwa viwili bila kuondoka hapo. Ukimwona hivyo katikati ya uwanja ulio wazi, usihangaike naye. Pita mbali na mraba wake.

Njia bora ya kuvuka chumba cha wafuata kuta ni kuwafuata kwa nyuma. Mdudu ana kasi sawa na yako, kwa hiyo akishapita, unaweza kuingia nyuma yake na kutembea naye hadi unakotaka, na aliye nyuma yako naye hatakupata mradi hukusimama. Tahadhari ni moja: njia isiyo na mahali pa kutokea. Mdudu akiingia katika ujia wa upana wa kigae kimoja ulioziba mwishoni, hana kushoto, hana mbele, hana kulia, basi hugeuka nyuma, na wewe uliyekuwa ukimfuata unakutana naye ana kwa ana. Kabla ya kuanza kumfuata, hakikisha umeiona njia yake yote.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji huchelewa kuligundua. Tofali la udongo unalolisukuma ni ukuta kwa viumbe. Tofali moja likiwekwa kando ya ukuta huibadilisha njia ya mdudu, kwa sababu atalizunguka kana kwamba ni sehemu ya ukuta wenyewe, na huenda likampeleka upande wa pili wa chumba. Kabla ya kusukuma tofali karibu na wafuata kuta, fuatilia kwa macho njia mpya watakayoishika.

Waendao mbele

Glaida na mpira wa moto huanza kwa kujaribu kwenda mbele, na hawageuki mpaka wazibiwe. Tofauti yao iko katika kugeuka: glaida huzungukia kushoto kwanza, kisha kulia, halafu nyuma, mpira wa moto huzungukia kulia kwanza, kisha kushoto, halafu nyuma. Katika chumba cha mstatili glaida itazunguka kinyume cha mishale ya saa, na mpira wa moto utaufuata mwendo wa mishale hiyo. Mtu anayechanganya viumbe hivi viwili atapotea vibaya katika ngazi zenye vyumba vingi vyenye nguzo, kwa sababu kila nguzo itampeleka kila kimoja upande tofauti. Kila kimoja pia kina kigae ambacho hakikidhuru. Glaida hupita juu ya maji bila kuzama, na mpira wa moto hupita katika moto. Usiutegemee mfereji wa maji kukulinda dhidi ya glaida.

Mpira wa waridi ni rahisi zaidi ya vyote: huenda mbele, na ukizibiwa hurudi ulikotoka. Hauna kushoto wala kulia. Ugumu wake uko katika kuhesabu wakati, hasa mipira kadhaa inapopita katika mistari iliyo sambamba, kila mmoja ukiwa na urefu wake wa njia. Hesabu yenyewe si ngumu. Mpira ukikupita na ukuta wa mwisho ukiwa baada ya vigae vitatu kutoka kigae ulichokusudia kukivuka, utakwenda hatua tatu na kurudi hatua tatu, kwa hiyo una hatua sita kabla haujarudi kwenye kigae hicho. Ukiwa na chaguo, vuka upande ulio mbali zaidi na ukuta ambao mpira unaelekea, kwa kuwa huko ndiko muda ni mrefu. Katika mistari mingi mfululizo, usijaribu kuivuka yote kwa pumzi moja ila pale unapokuwa umeitazama mizunguko kadhaa na kuona jinsi nafasi zinavyopangana. Mara nyingi katikati ya mistari kuna vigae vya kusimamia, na mtu mwenye subira huvitumia.

Kifaru cha vita huenda mbele mpaka kizibiwe, kisha husimama kabisa. Hakigeuki chenyewe. Vifaru vyote katika ngazi hugeuka nyuma kwa pamoja kitufe cha buluu kinapobonyezwa, viwe vinatembea au vimesimama. Kosa la kawaida ni kukibonyeza ili kukiondoa kifaru kimoja kilichoziba mlango na kusahau kwamba vingine vitano, ambavyo vilikuwa vimetulia upande wa pili wa ramani, sasa vinakuja kwenye ujia utakaoupitia baadaye. Kumbuka pia kwamba si wewe peke yako unayebonyeza vitufe. Kiumbe kikipita juu ya kitufe hukibonyeza, na tofali likisukumwa juu yake hukibonyeza vilevile. Ukiona vifaru vinageuka huku na huku bila wewe kufanya lolote, basi mahali fulani katika ramani kuna mpira au glaida inayopita juu ya kitufe cha buluu.

Visivyotabirika

Mtembezi huenda mbele hadi azibiwe, na hapo huchagua upande wowote kwa bahati nasibu. Maana yake ni kwamba kati ya ukuta na ukuta anatabirika kabisa. Ni pale anapogonga tu ndipo hujui ataelekea wapi. Vuka njia yake akiwa katikati ya safari yake ndefu, wala usimsogelee anapokaribia kugonga.

Bonge ni shida ya aina nyingine, kwa kuwa huchagua upande mpya kila hatua. Hakuna hesabu itakayokuambia litakwenda wapi. Kinachokusaidia ni uzito wake: linasogea mara moja kila wewe unaposogea mara mbili. Kwa hiyo mbinu ni kusimama karibu nalo bila kupakana nalo, kungoja lisogee, na kupita ubavuni mwake papo hapo, kabla zamu yake nyingine haijafika. Ukisita baada ya lenyewe kusogea, umeipoteza nafasi na ni bora kurudi nyuma uanze kungoja upya. Katika vyumba vilivyojaa mabonge ninapendelea kuambaa ukutani, kwa sababu huko hatari inatoka pande chache kuliko katikati, hata kama njia inakuwa ndefu zaidi na saa inakimbia.

Meno

Kati ya viumbe vyote, Meno ndiye anayestahili kusomwa kwa kina, kwa sababu yeye peke yake hujali mahali ulipo. Hukufuata popote ulipo kwenye ramani, hata kama hamuonani kwenye skrini. Wengi humwogopa kuliko viumbe vingine, lakini kwa kweli ndiye aliye rahisi zaidi kuongozwa, maana kila hatua yake ni jibu la hatua yako.

Kanuni yake ni hii. Hupima umbali uliopo kati yenu kwa mlalo na kwa wima, kisha hujaribu kwanza upande wenye umbali mkubwa zaidi. Umbali ukiwa sawa, hujaribu wima kwanza. Upande huo ukiwa umezibwa, hujaribu ule mwingine unaomsogeza kwako. Yote mawili yakishindikana, husimama palepale. Kamwe hachukui hatua inayompeleka mbali nawe, hata kama hatua hiyo moja ingemfungulia njia ya kukufikia. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

Kwa mfano, Meno akiwa kwenye safu moja nawe na ukuta ukiwa kati yenu, atausukuma ukuta huo bila kikomo, kwa sababu umbali wa wima kati yenu ni sifuri na hana upande wa pili wa kujaribu. Mradi unatembea katika safu hiyohiyo, unaweza kwenda mbali upendavyo naye asiondoke. Ukipanda au kushuka safu moja, atapata upande wa pili na kuanza kuambaa kando ya ukuta. Mahali pazuri zaidi pa kumfungia ni penye kuta tatu, ambapo upenyo pekee uko upande ulio kinyume nawe: mle ndani atakaa, kwa kuwa kutoka kunamtaka arudi nyuma. Ngazi nyingi zenye Meno huwa na vijumba vya namna hii, na kazi yako ya kwanza unapoingia ni kuvitafuta.

Kwa kuwa ana nusu ya kasi yako, huna sababu ya kumkimbia kwa hofu. Tembea mbele yake kwa makusudi, ukimwelekeza. Simama ng'ambo ya maji katika safu moja naye, naye atatembea moja kwa moja majini na kuzama. Simama upande wa pili wa bomu, naye atalilipua na kutoweka pamoja nalo. Mara nyingi bomu linaloziba njia yako halina njia nyingine ya kuondolewa isipokuwa hiyo, na Meno uliyekuwa ukimlaani ndiye aliyewekwa pale akusaidie. Wanapokuwa wengi huzibana wenyewe, kwa sababu kila kiumbe ni kizuizi kwa kiumbe kingine. Ukiwaongoza wote waingie katika ujia mwembamba, wa mbele akikwama wote wamekwama. Kinachopaswa kuepukwa ni kuwaacha wakusogelee kutoka pande mbili tofauti, maana hapo hatua inayomvuta mmoja mbali inamleta mwenzake karibu.

Hatari za sakafuni

Maji humzamisha Chip asipokuwa na viatu vya kuogelea, na huzamisha kila kiumbe isipokuwa glaida. Tofali likisukumwa majini huyageuza kuwa udongo, na udongo huo hubaki umefungwa kwa viumbe mpaka wewe uukanyage. Ukishaukanyaga, unakuwa sakafu ya kawaida na kila kitu kinaweza kupita. Kwa hiyo daraja ulilolijenga ni salama hadi unapolivuka, na baada ya hapo ni njia ya adui pia. Moto, kwa upande wake, hauzimwi na tofali. Unahitaji viatu vya moto, au uende njia nyingine. Wadudu na watembezi huuchukulia moto kama ukuta, jambo ambalo linafaa kukumbukwa unapofuatilia njia zao.

Barafu hukuondolea uwezo wa kuchagua: ukiingia, unateleza kwa kasi maradufu mpaka utoke au ugonge kitu, na ukigonga unarudishwa ulikotoka. Soma njia yote ya barafu kabla ya kuingia, pamoja na kona zake, na angalia inakutupa wapi mwishoni, kwa sababu huko ndiko bomu au maji huwekwa. Sakafu inayosukuma nayo huenda kwa kasi hiyo maradufu, ila inakuruhusu kukanyaga pembeni ukiwa safarini, na ngazi kadhaa haziwezekani bila kutumia ruhusa hiyo. Viatu vya kutelezea hukufanya utembee juu ya barafu kama sakafu ya kawaida, na viatu vya kunata hufanya hivyo kwa sakafu inayosukuma. Kuwa mwangalifu na matofali yanayosafiri yenyewe juu ya sakafu hizi mbili, kwa kuwa tofali linalokugonga likiwa mwendoni linakuua sawasawa na kiumbe.

Mtego humshika kila anayeukanyaga, na huachia pale tu kitufe chake cha kahawia kinapobonyezwa. Tofali likiachwa juu ya kitufe hicho huuweka mtego wazi muda wote, na hilo ndilo suluhisho la kawaida. Kabla ya kulisukuma, jiulize kama mtego huo unashikilia kiumbe ambacho hungependa kiachiliwe.

Mwizi haui, lakini amewaharibia watu ngazi nyingi kuliko moto. Ukimkanyaga anachukua viatu vyote vya aina zote nne, huku funguo zikibaki. Kwa kuwa husimama katika mapito yasiyokwepeka, maliza kila shughuli inayohitaji viatu kabla ya kumpita, na ukiona mwizi amewekwa mapema katika ngazi, jua kwamba viatu vinavyohitajika baadaye viko ng'ambo yake.

Kuta geugeu za kijani hufunguka na kufungika zote kwa pamoja kitufe cha kijani kinapobonyezwa. Tena hapa, mpira unaopita juu ya kitufe hicho utazifungua na kuzifunga kwa mdundo wa mwendo wake, nawe utalazimika kupita kwa mdundo huo.

Makimbilio

Kokoto ndizo rafiki wa kweli wa Chip. Hakuna kiumbe kinachoweza kuzikanyaga, kwa hiyo kigae kimoja cha kokoto ni mahali pa kusimama, kupumzika na kuhesabu hata ukiwa umezungukwa. Udongo nao huwazuia, ila hutoweka ukiukanyaga. Ukuta unaoibuka nyuma yako baada ya kuupita hufunga njia daima, dhidi ya wanaokufuata na dhidi yako wewe mwenyewe.

Kuna kizuizi cha nne ambacho hakionekani kuwa kizuizi: chipu zenyewe. Viumbe haviwezi kukanyaga chipu. Mtengenezaji wa ngazi anaweza kukizingira kifaru au kundi la wadudu kwa chipu pekee, na mchezaji mwenye haraka akaichukua moja na kuwafungulia mlango wote. Kila unapoona chipu zimepangwa kwa mstari kandokando ya viumbe, fikiri ni ipi ya kuchukua kwanza, ni ipi ya mwisho, na utakimbilia wapi baada ya pengo kutokea. Ninaamini kwamba hakuna hila katika mchezo huu iliyofikiriwa vizuri kuliko hii, kwa kuwa inaifanya kazi uliyotumwa kuifanya iwe ndiyo hatari yenyewe.

Mashine ya kuzalisha viumbe

Kitufe chekundu huiamuru mashine itoe nakala ya kiumbe kilichomo, ikielekea upande ambao kiumbe hicho kinatazama. Nakala hazina mwisho, na kwa hiyo mashine ni chombo kizuri na pia ni chanzo cha maangamizi. Matumizi yake ya kawaida ni kulipua mabomu. Tuseme kuna ujia ulionyooka wenye mabomu matatu mfululizo, na mwanzoni mwake kuna mashine ya glaida inayoutazama. Kila glaida itaondoa bomu moja na kutoweka nalo, kwa hiyo unahitaji kubonyeza mara tatu, si zaidi. Bonyeza, ondoka kwenye kitufe, subiri kigae kilicho mbele ya mashine kiwe wazi, kisha rudi ubonyeze tena. Ukibonyeza wakati kigae hicho bado kimezibwa, hapatoki kitu nawe utadhani umehesabu.

Glaida ya nne haitakuwa na bomu la kuigonga. Itaupita ujia wote, itaingia katika chumba kilicho mbele na kuanza kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, ikipita mbele ya mlango ule ule utakaoingilia. Hilo likitokea, simama mshazari na mlango, hesabu hatua za mzunguko wake mmoja kamili, na uingie mara tu inapokupita, ukiifuata kwa nyuma hadi kwenye chipu ya kwanza.